Kamera iliyosema Baba Neema anasinzia

Jamani, leo kamera ya gari imeniambia nimelala, na macho nimeyakodoa!

Mnajua mimi ni fundi umeme wa magari hapa Kahama. Leo akaja Baba Neema, dereva wa basi dogo la wafanyakazi wa mgodini, pamoja na msimamizi wake. Kamera inayomwangalia dereva usoni ilikuwa inalia kila safari ya alfajiri, eti anasinzia. Msimamizi akamsimamisha kazi.

"Mama Kulwa, mimi silali," Baba Neema akaniambia taratibu.

Tukaliingiza basi gereji ndani, kwenye giza. Nikakaa kiti cha dereva.

Pii! Pii!

Nikamgeukia msimamizi. "Na mimi nimelala?"

Akainama kuitazama kamera.

Hapo ndipo hamu ya kujua ikanipanda. Kamera hizi huona gizani kwa vitaa ambavyo macho yetu hayavioni, ila kamera ya simu mara nyingi inaviona. Nikaelekeza simu. Kitaa cha kushoto kiling'aa zambarau. Cha kulia, giza tupu! Kumbe nusu ya uso ilibaki gizani, kamera ikadhani jicho limefumba.

Nikafungua kamera. Plagi ya kitaa hicho ilikuwa imelegea, vumbi jekundu limejaa. Nikasafisha, nikaibana, vikawaka vyote viwili.

Baba Neema akakaa kiti cha dereva. Kamera haikulia.

Kisha akafumba macho makusudi. Kamera ikalia, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Umesikia, bosi? Nikilala ndiyo inalia hivi!"

Msimamizi akamrudishia ufunguo, akamwomba radhi mbele yetu.

Semeni ukweli: nyie mngemwamini nani kwanza, Baba Neema au kamera?