Meno ya Plasta ya Wílmar

Ludivia Carabalí aliuza arepa, vile vimkate vya mahindi vya kuchoma, mlangoni pa karakana yetu ya meno miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwona akicheka kinywa wazi. Ukimchekesha, kiganja kinapanda mdomoni. Meno yake ya mbele yalipandana, na mama yake alimlea kwa amri moja: "Funga mdomo, usitutie aibu." Naye akamrithisha mwanawe vyote viwili, meno na amri.

"Wílmar, funga mdomo!" Nimelisikia hilo mpaka likanichosha. Kila picha ikipigwa, kijana anabana midomo utadhani kalambishwa shubiri.

Mimi Nubia ni mtu wa plasta. Daktari akitaka kumbandika mtu vile vifuniko vyembamba vya kauri mbele ya meno, kwanza humng'atisha ute mzito unaoganda. Unaletwa kwangu, namimina plasta, na hapo napata kinywa cha mtu na kasoro zake zote. Naandika jina kwa penseli, naweka kwenye rafu.

Wílmar alicheza ngoma ya salsa. Hapa mjini Cali wachezaji ni wengi kama sisimizi, lakini yule alikuwa na miguu! Kikundi kimoja kikubwa kikamwambia miguu haitoshi, jukwaani watu wanataka tabasamu. Akaja kunisumbua.

"Shangazi Nubia, mwambie mama akubali."

"Una meno ya kutafunia nyama, unataka ya nini tena?"

"Ya kuchekea, shangazi."

Haya, nani angemkatalia? Nikamimina plasta yake, nikaiweka rafuni, ndipo meno kumi yakasuguliwa, yakabandikwa vifuniko, meupe pe. Ludivia alipomwona alilia palepale penye jiko, kisha akamwambia, "Cheka, mwanangu. Cheka nikuone."

Alicheka miezi minne. Wa tano, kikundi kilipanda basi kwenda kusini. Watu wenye bunduki wakalisimamisha njiani, wakawashusha wachezaji watatu. Basi likaendelea na safari.

Miaka sita Ludivia akazunguka na picha ya mwanawe shingoni. Juzi ofisi ya wanaotafuta waliopotea ikamwita. Mifupa ya watu watatu imepatikana, lakini moto umeipitia, kipimo cha vinasaba hakisemi kitu. Binti wa ofisini akamwambia kwa upole, "Mama, tuletee picha ambayo meno yake yanaonekana."

Ludivia akamwaga picha zote mezani. Tangu utoto, mdomo umefungwa. Ndipo akatoa zile za mwisho, za kicheko. Binti akatikisa kichwa. "Vifuniko vilibanduka kwenye moto, mama, na wote watatu walikuwa navyo. Tunataka meno yake mwenyewe, yalivyopangika kabla. Hakuna aliyeyachukulia nakala?"

Alinijia mbio pale mlangoni penye jiko lake, mwanamke wa miaka sitini, aproni imepanda begani.

"Nubia! Wílmar yuko kwenye rafu yako! Wewe hutupi kitu, nakujua!"

Jamani, mimi ndiye niliyetupa. Miaka minne nyuma mvua ilichimba dimbwi pale anapoweka jiko, naye kutwa ananilalamikia, "Nitaota magamba kama samaki hapa." Wiki hiyohiyo bosi akasema ondoeni plasta za zamani. Nikaona nimepata dawa. Nikavunja magunia mawili kwa nyundo, bila kusoma jina hata moja, nikajaza shimo, nikashindilia. Nilijiona mwerevu! Akanishukuru kwa arepa ya jibini na kikombe cha maji moto ya sukari guru, nami nikala na kunywa.

Ningeweza kusema sijui. Nilitaka sana kusema sijui.

"Ludivia," nikamwambia, "umesimama juu yake."

Akatazama miguu yake. Nikangoja anitukane, nilitamani anitukane. Alisogeza jiko na makaa yake, akapiga magoti, akachukua mwiko wa kugeuzia arepa, akaanza kuchimba. Nikapiga magoti na mimi. Wateja walisimama na njaa zao, hakuna aliyeuliza.

Yalitoka meno mamia, vipande vya vinywa vya watu wa mji mzima, majina ya penseli yamekwenda na mvua. Kila kipande nilikisafisha kwa pindo la aproni yangu, nikaweka pembeni. Mwisho akashika kimoja chenye meno mawili yaliyopandana.

"Ni chake?"

"Sijui, dada yangu. Wallahi nakuapia, sijui."

Basi Ludivia akafanya jambo ambalo miaka yote kumi na tisa sikuliona. Barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu, aliachama mdomo wake wote, akaweka kile kipande kando ya meno yake mwenyewe.

"Fananisha," akasema. "Alichukua yangu. Fananisha!"

Nikatazama mpaka macho yakaniuma. Hayakufanana. Nikamwambia. Akaweka kipande chini polepole, akaokota kingine, akafungua mdomo tena.