Kaye ya Gloire na Mzee Aliyeniita Majina

Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii wanasema yalimpata rafiki wa kuzini wao. Haya yalinipata mimi, huku mtaani kwetu Bel-Air, saa nane ya mchana, jua kali, tumbo limejaa bukari, ugali wetu. Sikuwa na homa. Sikuwa nimekunywa kitu. Cheka ukitaka, ningekuwa wewe, mimi pia ningecheka.

Ilikuwa wakati wa konfinema ya Korona. Shule zimefungwa (nilimshukuru Mungu siku tatu nzima), barabara za kutoka mjini zimefungwa, na kuzini yangu Gloire, mtoto wa dada ya Papa, aliyekuja kutoka Sakania kwa juma moja tu, akakwama kwetu miezi. Ana umri kama wangu, lakini hana kelele. Akachukua kaye, daftari la hesabu, na biki, akaanza kuandika riwaya ya upelelezi: parseli moja, nyumba na uwanja wake ndani ya ukuta, imefungwa sababu ya ugonjwa, hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, lakini kila asubuhi kuna kitu kimeibiwa. Nani mwizi?

Kila siku saa kumi jioni Papa alikaa barzani akaisoma kwa sauti. Papa! Yeye ambaye buletini yangu ya shule huisoma mstari mmoja tu, ule wa asilimia, halafu anatafuta mkanda. Majirani walisikiliza juu ya ukuta, kashne za kuziba pua zimeshuka kidevuni. Mama akaanza kumwekea Gloire kipande kikubwa cha samaki. Kilikuwa changu kile, niamini, nilikifahamu kwa sura.

Kabla ya Gloire, saa kumi ilikuwa ya nani? Yangu. Niliiga pasta wa kanisa letu, niliiga mwalimu wa fizikia, watu walicheka mpaka machozi. Sasa nikifungua mdomo tu: "Shii! Acha tusikie." Unajua inavyouma kuambiwa shii nyumbani kwenu kwa sababu ya mwizi ambaye hata hayupo?

"Hata mie naweza andika ile," nikamwambia Gloire.

"Andika basi. Biki iko pale." Hata kichwa hakuinua.

Ikabaki sura moja, ile ya kumtaja mwizi. Mchana wote walipolala, nikaiba kaye, nikaificha ndani ya shati. Nilitaka kuipeleka kwa mama anayeuza karanga kwenye kona. Yeye hufungia karanga kwa karatasi za kaye. Riwaya nzima ingeisha hivyo, kidogo kidogo, imejaa chumvi.

Nikafungua mlango wa parseli. Avenyu tupu, hata mbwa hakuna. Ng'ambo ya njia amesimama mzee mmoja, kitambaa cha kitenge usoni, kichwani kofia ya zamani ya watu wa reli.

"Majina!" akaita.

Kwetu, majina ni mtu mwenye jina moja na wewe. Ni kama wewe mwenyewe: akikuomba kitu humnyimi, hata shati utavua. Mimi nina jina la kambo yangu, baba ya Papa, aliyekufa kabla sijazaliwa. Mtu mwenye akili angejiuliza: huyu mzee amenijulia wapi? Mimi nikaitika, tena kwa kucheka.

"Eeh, majina!"

"Uko na nini mu shati?"

"Kaye, Kambo."

"Leta nione."

Ningemnyima vipi? Akaipokea kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba hakikuwepo. Akasoma wima, ukurasa kwa ukurasa, na kitambaa chake hakikutikisika. Kashne yangu ilikuwa inaingia na kutoka kama shingo ya chura. Chake kimya.

"Huyu mutoto anaandika muzuri," akasema. "Weye unamuonea wivu?"

"Bote banamupenda yee tu."

"Rudia ku nyumba, majina. Mie nitaimaliza."

Nikageuza shingo kuangalia kama Mama ameamka. Niliporudisha macho, hakuna mtu. Avenyu yetu ni ndefu, imenyooka, ukuta huku, ukuta huku. Angeingia wapi?

Saa kumi nilikuwa nimetayarisha uongo wa aina tatu. Haukuhitajika. Kaye ilikuwa juu ya kiti cha Papa, na sura ya mwisho imeandikwa, mwandiko wa Gloire.

"Mujomba, hii sikuandikaka," Gloire akasema. Papa akadhani anatania, akasoma.

Mwizi alikuwa mtoto wa nyumba, yule mchekeshaji. Aliiba ili watu waache kusikiliza wengine. Siku ya mwisho akaiba kaye, akaificha ndani ya shati, akampa mzee mmoja wa reli asiye na kidole gumba cha kushoto...

Papa akashusha kaye.

"Nani alikuambiaka habari ya kidole?"

Hakuna aliyewahi kutuambia. Behewa lilimkata Kambo kidole akiwa kijana, na katika picha zote ameuficha ule mkono.

Gloire aliniangalia mimi. Mama akaniangalia. Majirani wote wakaniangalia. Miezi mizima nilitaka waniangalie, haya, chukua.

Nikasema yote. Hakuna aliyecheka. Papa akasimama, akanipa kiti chake, kama unavyompa baba yako. Afadhali angenipiga.

Mpaka leo hanigombezi bila kuniomba ruhusa kwanza, na mimi siwezi tena kumuiga pasta mbele yake. Gloire alirudi Sakania. Bado anaandika, ananitumia kwa simu sura kwa sura. Ni nzuri, na zinaniuma vilevile. Kama unadhani wivu uliniacha, hunijui. Lakini ninazisoma polepole, kidole juu ya mstari, nikitafuta kama nimo.

Wewe unayesoma, ukiwa na kitu cha mwenzako ndani ya shati, na mtu akakuita majina kwenye avenyu tupu, usiitike. Rudi ndani. Kiweke ulipokitoa, kabla hajakuomba akione.