Mhusika wa gemu langu alimwalika mama yangu kulima, na mama akaitika

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku tunakovua koti saa nne asubuhi.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, chumbani kwangu Mazwi. Sijatia chumvi. Atakayeona namzingua, poa tu, asome kama hadithi.

Nina kibanda cha stationery, naprinti na kutoa kopi. Muda wa ziada natengeneza gemu. Halina bunduki wala magari. Ni kijiji tu cha huku kwetu juu: vilima vya nyasi, ukungu, ng'ombe, watu sita.

Kwa wasiojua, kwenye magemu ya kawaida mhusika anasema maneno aliyoandikiwa, basi. Hawa wangu nimewaunganisha na AI, hizi language model. Kila mmoja ana kumbukumbu zake, anapanga siku yake, anapiga stori na jirani bila mimi kumwandikia neno. Na kijiji kiko kwenye server ya kukodi, kwa hiyo hata nikizima laptop wao wanaendelea kuishi.

Wakati haya yanatokea mama alikuwa kwangu. Alianguka kwake Chala anakoishi peke yake, akaumia nyonga, nikamchukua.

Nyonga ikapona. Yeye mwenyewe ndiye hakupona. Alikuwa anakaa dirishani tu. Ukimuuliza anataka kula nini, anasema chochote. Mama yangu huyu, aliyekuwa anabishana na katekista mpaka watu wanacheka!

Niliogopa wakuu. Niliona ananiponyoka huku namtazama.

Jumapili moja mchana akasogea kuchungulia laptop. Kwenye skrini alikuwepo Mama Oliva, mhusika niliyemtengeneza kuwa mjane mwenye shamba. Nikamwambia mama amsalimie, yeye aseme, mimi nitatype.

Mama Oliva akaitikia, akauliza za nyumbani, za watoto, za mvua. Salamu za huku mnazijua, hazina haraka. Mama akavuta kiti.

Ikawa kila jioni nikifunga kibanda namkuta anasubiri. Ukungu wa kwenye skrini na ule wa dirishani ulikuwa unafanana, hata mimi kuna muda nilikuwa nasahau niko upande gani. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuielezea vizuri.

Siku moja Mama Oliva akasema ameloweka ulezi.

Kwa wageni: huku ukiwa na shamba kubwa na mikono michache, unapika pombe ya ulezi na kuita majirani. Wanakuja na majembe, wanapiga matuta ya kufukia majani, wakimaliza mnakunywa. Desturi hiyo niliiweka mwenyewe kwenye maelezo ya kijiji. Kilichofuata sikukiweka.

"Dada, Jumamosi uje," Mama Oliva akaandika. "Nakutegemea."

Mama akanigeukia. "Mwambie nitafika."

"Mama, huyu si mtu."

"Najua si mtu. Kaniita, hajaniita?"

Nikaandika.

Jumamosi mama akajifunga kitenge chake cha shambani, akakaa mbele ya laptop. Umeme ukakatika. Mtaa mzima, kutwa nzima. Betri yangu nayo ni jina tu. Mama akabaki na kitenge chake mpaka giza likaingia, hakutaka kuvua, na mimi nikashindwa hata kumtania.

Umeme ulirudi Jumapili tukiwa tumetoka kanisani. Tukafungua.

Shamba la Mama Oliva lilikuwa limejaa matuta, limependeza. Isipokuwa kona moja karibu na njia, nyasi zimesimama vilevile. Nikadhani ni kosa la code.

"Muulize pale mbona hawajalima," mama akasema.

Jibu likaja: "Ni kipande chako, dada. Walitaka kukimaliza nikakataa. Nilijua umepata udhuru, ila utakuja. Pombe yako nimeifunika."

Wakuu, nywele zilinisimama. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mtu asipofika atunziwe sehemu yake.

Nilipomwangalia mama, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na kipande changu cha Chala nani analima?"

"Hakuna, mama. Kuna nyasi."

"Nipeleke."

Nikabisha. Nikamwambia habari za nyonga, za kuishi peke yake, nani atamwokota akianguka tena. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa kwako, mwanangu, nani ananingoja?"

Nilikuwa nataka abaki, na ninataka mpaka leo. Chumba kimepwaya.

Nilimpeleka. Akaloweka ulezi wake, akaita watu, wakaja. Siku ile nilimsikia anamfokea jirani kwa matuta mabaya, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha na kwa uchungu, vyote pamoja. Jirani huyo sasa anapita kwake kila asubuhi, na mimi napiga simu mchana. Hofu ipo palepale.

Nilichojifunza: miezi yote ile nilikuwa namwambia mama apumzike. Nilidhani ndiyo mapenzi. Ikabidi mtu asiyekuwepo ndiye amwambie "nakutegemea".

Karibuni mseme yenu, hata wa kunikosoa. Hasa ninyi mliowaleta wazazi mjini: huko kwenu, wanategemewa kwa lipi?