Programu ya Profesa Yatiwa Karantini

Kulikuwa na mdarizi ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Nakshi. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi, ila moyo hauna makuu. Cherehani yake ya kudarizi iliunganishwa na kompyuta, na mdogo wake wa kiume, fundi redio aliyejifundisha kompyuta mwenyewe hadi watu wakambatiza Profesa, alimtengenezea programu ya kugeuza mchoro kuwa mishono. Wewe unachora ua, cherehani inalishona. Raha tupu.

Basi Profesa akapata mchumba, na mchumba akachora maua yake mwenyewe, madogo madogo, ayavae kwenye shela siku ya harusi. Harusi Jumamosi. Alhamisi asubuhi Bi Nakshi anawasha kompyuta, programu haipo! Antivairasi, ile programu inayoilinda kompyuta dhidi ya virusi, ilikuwa imejisasisha, ikaishuku kazi ya Profesa, ikaitia karantini, yaani ikaifungia kando isifanye kazi.

Profesa akaitwa, akaja mbio na bisibisi mkononi.

"Zima hicho kidude, dada, tuendelee na kazi."

"Nizime? Umesahau flashi ya yule mteja ilivyoleta virusi vikanilia michoro yangu yote? Sizimi ng'o."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuletea virusi? Mimi, tumbo moja na wewe?"

"Sijasema wewe. Nasema labda kuna kitu kimedandia njiani. Hebu niletee nakala nyingine kutoka kwako."

Akaileta. Ukubwa uleule, tarehe ileile, na antivairasi ikaidaka vilevile. Kumbe programu haikuchezewa na kirusi pale kwa dada.

"Na kompyuta yako, ni safi?" Bi Nakshi akauliza taratibu, kama anayemuuliza mgeni kama ameoga.

Profesa akanuna, mdomo huo! Dada akasema basi, faili la programu litumwe kwa waliotengeneza antivairasi walipime, huenda wamekosea.

"Kazi yangu ikahojiwe na watu baki?"

Mchumba alikuwa amefika kupimwa gauni, amesimama mlangoni anasikia yote. Akaangua kicheko.

"Wifi, hivi mimi nitaolewaje na mtu anayeogopa kupimwa?"

Profesa naye akacheka bila kupenda. Akavuta kiti, akaanza kuwaandikia wale watu programu yake inafanya nini: inasoma mchoro, kisha inaingia moja kwa moja kwenye cherehani na kuiamrisha, bila kumuuliza mwenye kompyuta. Hapo vidole vikasita.

"Dada."

"Ee."

"Ningekuwa mimi ndiye mlinzi, hata mimi ningeikamata."

Wakatuma. Siku hiyo Bi Nakshi alishona pindo la gauni, akalifumua, akalishona tena, mradi mikono isikae bure.

Ijumaa mchana jibu likaja: faili ni salama, kosa ni letu, tumelirekebisha, sasisheni. Akasasisha, akaitoa programu karantini, akaikagua tena. Kimya. Antivairasi haikukohoa. Akaipa mchoro, na cherehani ikaanza kutema ua la kwanza juu ya shela, jeupe juu ya jeupe.

"Sasa niombwe radhi," Profesa akasema, kifua mbele.

"Na nani, mimi au kompyuta?"

"Wote wawili!"

"Shika hapa kwanza, kitambaa kisivutike."

Akashika. Akashika mpaka jioni, na kila alipofungua mdomo kulalamika, cherehani ilimzidi sauti.