Mbonea na Madirisha Tuliyoyaziba

Jamani, kwanza wale mnaojaza inbox yangu mkiuliza "na wewe vipi, uko mzima?" Niko mzima. Mimi nilizaliwa na bahati ya mtu na nusu. Karakana moja, benchi moja, vumbi lile lile, na kifua changu kinanguruma kama injini mpya ya Kijapani. Mnanijua, hata malaria huniomba radhi kabla ya kuingia.

Ila Mbonea hayupo. Kichwa changu kinagoma kabisa. Leo nimempigia simu nimuulize ufunguo wa karakana kauweka wapi. Ikaita mfukoni mwangu.

Kwa wasiomjua: Mbonea alikuwa seremala wa Myamba, kule mlimani, aliyeshuka Same mjini na randa ya marehemu baba yake na laptop iliyopasuka kioo. Alikuwa anatengeneza kitu ambacho nusu yenu mlikicheka. Makasha ya kibodi za kompyuta.

Hata mimi nilicheka. "Kibodi si inakuja na kasha lake?"

"Inakuja na plastiki," akasema. "Na wewe ulikuja duniani uchi, mbona umevaa suruali?"

Kumbe kuna watu wanapenda kibodi kama wengine wanavyopenda magari. Zile ndogo, zisizo na upande wa namba. Wanaivua ile plastiki, wanaivalisha mpingo. Mimi niliyetembea, niliyefika mpaka Dubai (airport tu, lakini nilifika), sikuwahi kujua.

Tukagawana kazi. Yeye design, mimi msasa na mdomo. Form two niliishia njiani, lakini Kiingereza cha kuuzia ninacho.

Aliwahi kubishana wiki nzima na mteremko wa kasha. Nyuzi sita au saba? Anakata, anaweka viganja, anafumba macho, anachapa. "Saba itamchosha mtu mikono."

"Mtu gani?"

"Atakayenunua." Hatukuwa na mteja hata mmoja!

Na mlio sasa! Kibodi inachapwa yeye kabandika sikio, utadhani mkunga. Chini alizamisha kipande cha shaba, katikati akatandika raba ya ndala yangu, bila kuniomba. "Sikia," ananiambia. Mwanzo ilikuwa kama mahindi yanadondoka kwenye sufuria. Sasa ikawa kama mahindi yanadondoka kwenye gunia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Shida ilikuwa upepo. Mtu wa Same hahitaji kuelezwa. Ukipaka vanishi tu, upepo unakuletea udongo mwekundu wa tambarare nzima unaumwaga juu yake. Makasha yakaharibika, moja baada ya jingine. Na mteja wetu wa kwanza wa nje alitaka finishing ya kujiona meno.

Tukaziba madirisha. Magunia, misumari, matambara chini ya mlango. Wazo la Mbonea, nyundo yangu. Tukapongezana kama tumejenga daraja. Vumbi la nje halikuingia tena.

La ndani likakosa pa kutokea.

Vumbi la mpingo ni laini kama poda, jeusi. Tukipenga makamasi yanatoka kama wino, tunacheka. "Sisi Wapare bwana," nikamwambia, "hata vumbi tunalibania."

Kikohozi kikaanza. Mama yake akamtumia tangawizi ya Myamba kwa basi, furushi zima. Tunachemsha, tunakunywa, tunarudi vumbini. Barakoa tulikuwa nazo. Alisema inamtia ukungu kwenye miwani, haoni mstari.

Alhamisi mchana alikuwa anamalizia kona ya mwisho ya kasha la yule mteja. Akaweka msasa chini taratibu, akaniangalia.

"Kaka, fungua dirisha."

Nikang'oa gunia. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka, vumbi likatimka. Upepo wote wa Same umo chumbani, na rafiki yangu anakosa hewa. Hiyo picha sijui nitaipeleka wapi.

Tulimkimbiza na bodaboda, mimi nimemkumbatia kwa nyuma. Hospitali walihangaika naye. Dokta, binti mdogo kuliko mdogo wangu, akaniambia ni pumu, vumbi la mbao lilimfunga kifua. Halafu akaangalia kucha zangu nyeusi.

"Na wewe kaka unafanya kazi humo humo? Kaa hapa nikusikilize kifua."

"Mimi chuma, dokta." Nikatoka.

Jumamosi tukampandisha Myamba kumzika. Nilimpa mama yake shikamoo, akanishika mkono, hakuuachia.

"Marahaba, mwanangu. Nawe ulikuwa naye kwenye hilo vumbi?"

"Ndiyo, mama."

"Umeshapimwa?"

Niliangalia migomba.

Mafundi wote mnaonisoma, nawaomba, fungueni madirisha. Kazi ikichafuka itapakwa tena. Vaeni barakoa hata kama mnaonekana vituko. Na dawa ya kifua kinachobana si tangawizi, ni hospitali.

Kasha lake bado liko kwenye benchi, kona moja haijaisha. Mteja ameandika anauliza lini. Nimesimama mlangoni, mguu umekataa kuingia.

Mbonea, kaka yangu, fundi wa vitu ambavyo wengine hatukuviona, asante kwa kuniamini na msasa. Lala sasa. Usiwaze deadline ya mtu.

Na ile ya bahati, ya kifua cha Kijapani, ni uongo. Nakohoa tangu vuli. Leo nimefika mpaka mlango wa yule dokta, nikageuza. Naogopa, jamani.