Zamu za Maji katika Kikosi cha Mzee Habibu

Kila Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Habibu Nasri wa Ubaruku hukaa upande wa nyumba yake unaotazama mashamba, akaweka simu juu ya goti na kungoja wachezaji wake waingie uwanjani. Wachezaji hao hawapo popote duniani. Wamo ndani ya mchezo wa simu ambao mtu hukabidhiwa klabu ya mpira aiendeshe: asajili, afundishe, apange kikosi, kisha asome maandishi yanayomweleza dakika kwa dakika kilichotokea. Lakini Habibu huwaona. Mbele yake mpunga umetanda hadi macho yanapochoka, maji yametulia majarubani, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta, yakiwa yamebeba mbingu nzima, na katika mng'ao huo vijana wenye jezi za bluu huja wakipita juu ya matuta, mmoja nyuma ya mwenzake, viatu mkononi, wakiangalia wasikanyage miche.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Habibu alikuwa mgawa maji. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya nguo, akafika nyanda za Usangu, akaona ardhi tambarare na mito ishukayo milimani, akasahau kurudi. Mjukuu wake hakuuza nguo. Alipewa na wakulima wenzake kazi ya kutembea na mfereji tangu banioni, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, hadi jaruba la mwisho, akifungua na kufunga, ili kila mtu apate maji kwa zamu. Ni kazi iliyowahi kuvunja undugu wa watu wengi. Yeye ilimjengea heshima, kwa sababu hakuwahi kuruka zamu ya mtu; shamba lake mwenyewe lilingoja kama mashamba ya wengine. Goti lilipokataa matuta, akaacha kazi. Mkewe, Hanifa, alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na nyumba ikawa na utulivu mwingi kuliko ilivyohitaji.

Alibaki na binti mmoja, Naima, anayeuza vifaa vya umeme wa jua huko Ipogolo, kando ya barabara kuu, chini ya mlima wa Iringa mjini. Walipendana sana, ila hawakuwa na maneno. Naima alipiga simu kila wiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mvua ipo?"

"Ipo."

Baada ya hapo kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka mmojawapo aseme haya basi.

Mchezo ule ndio uliowafungua midomo. Naima alikuwa ameanzisha ligi ndogo na rafiki zake wa Iringa na Mbeya, na mwenzao mmoja alipojitoa, akamsajili baba yake bila kumwuliza sana. Habibu akaiita timu yake Majaruba. Tangu siku hiyo simu ya Jumapili ikawa ndefu, kwa kuwa kulikuwa na jambo la kuulizana. Habibu alianza kuitazamia tangu Jumatatu.

Lakini ligi ilikuwa na kanuni, tena kanuni iliyopendekezwa na Naima mwenyewe kabla baba yake hajawa hata na simu ya kugusa: atakayemaliza mkiani anatoka, na nafasi yake inachukuliwa na mmoja wa wanaosubiri. Nusu ya msimu ilipofika, aliyekuwa mkiani alikuwa Mzee Habibu. Hakuogopa aibu. Aliogopa zile Jumapili za mvua ipo.

Si kwamba hakufundishwa. Naima alikuwa mwalimu mzuri.

"Kwanza, baba, chagua mfumo mmoja ukae nao. Ukibadilisha kila wiki, wachezaji hawajui waende wapi."

"Nimechagua nne-nne-mbili."

"Vizuri. Halafu usisajili mtu kwa sababu jina lake linapendeza. Fungua ukurasa wake. Tazama umri, mbio, pasi, na kama bado anakua."

"Huyu Varga je? Ana jina tamu."

"Jina tamu halikabi, baba."

"Nimekwisha kumsajili."

"Haya. Na wakishinda wapongeze, kuna mahali pa kubonyeza. Wakifungwa, usiwagombeze wote kwa pamoja. Ari yao ikishuka, kuipandisha ni kazi ya wiki nyingi."

Habibu alifuata yote kwa uaminifu. Alikaa na mfumo mmoja, akawapongeza hata walipotoka sare, akamwomba radhi Varga kwa sauti siku alipomweka benchi, peke yake uani. Bado walifungwa. Katika kundi la wanaligi, Fanueli, fundi umeme wa Mbeya mjini, mwenye timu iitwayo Loleza na mdomo usiolala, alituma ujumbe wa sauti: "Mzee wetu, shikamoo! Hiyo ni timu au foleni ya zahanati? Kila nikicheza na wewe nakuta sura mpya!"

Habibu alicheka, maana alipenda utani. Naima hakucheka. Alimwomba baba yake amtumie picha za vikosi vyote alivyowahi kupanga, akakaa akizitazama. Jumapili iliyofuata akauliza polepole, kama mtu anayepapasa mahali panapouma.

"Baba, yule kipa wa wiki iliyopita alifanya kosa gani?"

"Hana kosa lolote. Zamu yake imeisha."

"Zamu?"

"Ninao makipa watatu, Naima. Nitampaje mmoja maji msimu mzima, wenzake wakauke?"

Naima alicheka hadi akashindwa kusema, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena. Baba yake alingoja amalize. Hakuona kichekesho. Kila mchezaji aliye kikosini ni mwenye shamba. Alikuja akiamini atapata haki yake. Hivyo ndivyo alivyowagawia mechi, mmoja baada ya mwingine, bila upendeleo, na hakuna aliyecheza na mwenzake muda wa kutosha kujua anapenda pasi ya mguu gani.

"Nikupe mfano wako mwenyewe," Naima alisema alipopata pumzi. "Nikiwa mdogo nilikuletea chakula mferejini, nikakuta watu wamekuzunguka wanafoka. Zamu ilikuwa ya watu wa vitalu, na wewe umefungulia jaruba la Mzee Jailos. Uliwaambia nini?"

Habibu hakujua kwamba mtoto yule mwenye sahani kichwani alikuwa akisikiliza.

"Niliwaambia mpunga wa Jailos umebeba mimba. Ukikosa maji wiki hii, masuke yatatoka matupu. Kitalu kinaweza kusubiri siku mbili tatu, na siku zao nitawarudishia."

"Kwa hiyo hukugawa kwa zamu tu. Ulitazama mmea umefika wapi."

"Nilitazama, ndiyo."

"Basi nenda kikosini ukaangalie nani ana mimba."

"Naima!"

"Ya mpunga, baba."

Alasiri ile Habibu alipitia kikosi chake kama alivyokuwa akipita mfereji. Jua lilikuwa limelegea, korongo weupe wamesimama majini bila kutikisika, na kutoka upande wa mashine za kukoboa ulikuja mvumo mwororo uliomfanya mtu asijue kama yuko macho au amesinzia. Alifungua ukurasa wa mchezaji mmoja mmoja, akamwona amesimama mbele yake hadi magotini katika maji, akamwuliza moyoni amefika wapi. Wale wadogo wa timu ya vijana walikuwa kitalu: maji kidogo, mazoezi mengi, wasipandikizwe mapema. Varga, kiungo mkongwe, masuke yake yalikuwa yamekwisha kuinama. Huyo angeingia dakika za mwisho kuwatuliza wenzake. Kipa angekuwa mmoja. Na Sanou, mshambuliaji kijana ambaye alama zake zilikuwa zikipanda kila wiki, ndiye aliyekuwa akikaribia kubeba mimba. Huyo asingekosa mechi.

Haikuwa rahisi. Mchezo ulimletea taarifa kwamba kipa wake wa tatu hana furaha na anataka kuondoka. Habibu aliisoma mara kadhaa. Kwa muda alimwona yule kijana akienda zake juu ya tuta, jezi imekunjwa kwapani, asigeuke nyuma, na akakumbuka siku zile alipolazimika kumfungia maji mtu anayemfahamu. Alimwacha aende klabu nyingine, akamtakia heri.

Majaruba wakaanza kuokota pointi. Hawakugeuka mabingwa; walikuja wakipanda taratibu, kama maji yanavyoingia shamba lililokauka, huyaoni yakisogea lakini ardhi inageuka rangi. Zilipobaki mechi mbili walikuwa wamemwacha wa mkiani kwa pointi chache. Hapo Habibu akafanya jambo lililomshtua kila mtu. Alimweka Sanou benchi.

"Mzee, umerudia foleni?" Fanueli alipiga kelele kundini.

Hakuwa amerudia. Chini ya jina la kila mchezaji kuna kijistari cha nguvu, na cha Sanou kilikuwa kimegeuka chekundu. Wakulima wa Usangu hulikausha jaruba kidogo kabla mpunga haujabeba mimba, ili mizizi iteremke kutafuta maji chini. Habibu alimkausha Sanou, akafungwa mechi ile, akasogelewa na wa mkiani hadi wakawa bega kwa bega. Mwenzake alikuwa amekwisha kumaliza mechi zake akimzidi kwa mabao, kwa hiyo sasa Habibu alihitaji walau sare katika mechi ya mwisho. Naye aliyebaki kucheza naye alikuwa Naima, ambaye timu yake ya Mteremko ilikuwa kileleni na ilihitaji ushindi. Sare ingempa ubingwa Fanueli.

Walizungumza siku moja kabla.

"Baba, usinilegezee. Nitajua."

"Na wewe usinilegezee mimi. Mimi nimesimamia mfereji, najua maji ya wizi yanavyotembea."

"Ukitoka kwenye ligi utafanya nini Jumapili?"

"Nitalala usingizi wa mchana."

"Nataka ule ubingwa, baba. Sitakudanganya."

"Utake. Ndivyo inavyopasa."

Jumapili ikafika na wingu jepesi lililofunika nyanda zote, mchana ukawa na mwanga wa alfajiri. Habibu alipanga kikosi, akakiangalia, akakiacha. Maandishi yakaanza kupita. Mteremko walifunga mapema kwa kona. Baadaye hakikutokea kitu kwa muda mrefu, pasi na kurushiana mipira, na Habibu akajikuta hasomi tena bali anatazama shambani, mahali ambapo ukungu ulikuwa umeshuka juu ya maji na vijana wa bluu na wa manjano walikuwa wakikimbia bila sauti, matone yakiwaruka miguuni, na mpira ukipotea katikati ya mashina na kuibuka kwingine. Alimwona Varga akisimama pembeni akifunga kamba za viatu. Akarudi kwenye simu. Viungo wake wawili walikuwa wekundu kwa uchovu; akawatoa, akamwingiza mkongwe na mwenzake mmoja wa benchi. Kijistari cha Sanou kilikuwa bado kijani.

Yakaja maandishi: Varga amepata nafasi. Varga anatoa pasi ndefu. Sanou.

Kisha nukta tatu, zilizokaa pale kwa muda ambao Habibu hakuweza kuupima.

Goli.

Mechi ikaisha kwa sare ya moja kwa moja. Majaruba wamebaki. Kundini Fanueli alikuwa akiimba kwa sauti mbaya, akimwita Mzee Habibu baba mlezi wa ubingwa wake, akiahidi kumletea jezi ya Loleza mpaka Ubaruku. Wengine walipongeza. Naima hakuandika neno.

Jumapili iliyofuata ligi ilikuwa likizo. Habibu alikaa mahali pake. Simu ilinyamaza hadi kivuli cha nyumba kikafika kwenye tuta la kwanza. Akawaza kwamba ameipata nafasi yake na kupoteza kile kilichomfanya aitake, na wazo hilo likamwia zito kuliko alivyotarajia. Hakuwahi hata mara moja kuwa wa kwanza kupiga. Aliona ni kumsumbua mtu aliye kazini. Akabonyeza jina la binti yake.

"Shikamoo, baba." Sauti ilikuwa ndogo. Nyuma yake malori yalikuwa yakinguruma barabarani.

"Marahaba, kocha. Umenuna?"

"Nimenuna kidogo."

"Unanuna mpaka lini?"

"Nilipanga mpaka msimu mpya." Akacheka puani. "Nilikuwa nimeshamwambia kila mteja dukani kwamba mimi ni bingwa. Umenipokonya mdomoni, baba."

"Ulisema nisikulegezee."

"Nilisema. Sikujua utanisikiliza hivyo. Ulijuaje kwamba Sanou atafunga?"

"Sikujua. Nilimpa maji tu. Mengine hayakuwa yangu."

Wote wawili wakanyamaza, lakini kimya hiki hakikumtaka mtu aage. Ukungu ulikuwa unaanza tena kuinuka majarubani, na Habibu akautazama ukifuta matuta, moja baada ya jingine.

"Baba."

"Naam."

"Hatuna mechi leo, lakini una nafasi? Kuna jambo nataka kukuuliza. Si la mpira."

Habibu akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha lile goti bovu, akaisogeza simu sikioni.

"Uliza, mama," alisema. "Niko hapa."