Jina Aliloitikia Mama

Jiwe la kaburi la mama ni pauni mia sita, na kuongeza jina moja ni pauni arobaini. Nimehesabu mara mbili, fundi hapunguzi.

Jina la kuongeza ni la kaka yangu, ambaye sikuwahi kumwona. Baada ya Mapinduzi wazazi walitoka Unguja wakaenda bara kufyeka pori, na huko mtoto wao wa kwanza akatumbukia katika kisima walichokuwa wakichimba, akafa. Mama hakumzungumzia. Lakini hapa Landani Waswahili wote walimwita kwa jina la mtoto yule, "Mama Fulani", naye akaitika mpaka uzeeni.

Siku moja kliniki wakamwita mara tatu kwa jina la pasipoti, asigeuke.

"Mama, unaitwa wewe."

"Huyo simjui, mwanangu. Labda kachelewa basi."

Nilicheka. Leo nikifikiri kwamba kila alipoitwa sokoni Woolwich mwanawe alitajwa, mimi ninayehesabu kila kitu nashindwa hata kuanza.

Dada anataka jina la pasipoti peke yake. Mliozika wenu huku, nishaurini: tuandike hilo tu, au na lile aliloitikia?